Asilimia Moja ya Unyevu

Jumamosi ile niliingia kazini saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mvua za Juni zilikuwa na wiki ya pili hapa Suwa, na kuta za ghala la chipu za kompyuta zilikuwa zikitoa jasho. Palipokuwa pakavu ni ndani ya kabati la saba tu: unyevu asilimia moja, kwa nguvu ya unga wa kufyonza maji aliouvumbua shangazi yangu Sumie.

"Pumulia kando, we mtoto," alizoea kunitania. "Chipu ikinywa pumzi yako, tanurini itapasuka kama bisi."

Aliuhangaikia unga ule miaka tisa. Hataza, hati ya kumiliki uvumbuzi, ilipotoka mwezi Machi, ilikuwa na jina moja la mvumbuzi: Nagai, mkuu wetu. Shangazi alipopinga, Nagai alitoa daftari la maabara. Ukurasa wa jaribio la kwanza ulikuwa na mwandiko wa Nagai, na kwenye nafasi ya shahidi palikuwa na muhuri mwekundu: Hatano. Jina langu la ukoo, muhuri wangu.

Shangazi aliutazama ukurasa, kisha akanitazama mimi.

"Hata wewe, Chizuru?"

Hakusema nami tena. Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama.

Kazini kwetu muhuri ndio saini, na kila mtu huacha wake kwenye droo ya meza, ili asipokuwepo mwenzake amgongee karatasi. Kwa hiyo ndugu walipouliza, jibu lilikuwa jepesi: sikugonga mimi.

Nilisimama mbele ya kabati la saba na fomu ya ukaguzi. Nikaandika: moja.

Mtu akavuta pumzi. Karibu sana.

Nilikuwa peke yangu.

Kioo cha kabati kikaingia ukungu. Kwa ndani.

Kipimo kikasoma nne.

"Shangazi?" nilinong'ona. "Sikugonga mimi."

Tisa.

"Nagai aliuchukua mwenyewe. Sikujua."

Ishirini na mbili. Kadi ya unyevu iliyokuwa na vidoa vya buluu ikaanza kugeuka waridi kwa maji, kidoa kimoja kimoja. Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

"Nakuapia, sikujua!"

Hamsini. Tone likateremka kiooni. Kisha sauti, kutoka mle mlimokuwa na chipu tu:

"Pumulia kando, we mtoto."

Nikasema nisilomwambia hata mama. Kwamba Februari Nagai alikuja mezani pangu akaniuliza kwa upole, "Muhuri wako upo?" Kwamba nilikuwa nasubiri ajira ya kudumu. Kwamba nililiona daftari mkononi mwake, nikaivuta droo mwenyewe, nikaenda kunywa chai.

Kioo kikatakata. Moja.

Nilidhani amenisamehe.

Jumatatu niliandika barua ya kukiri, kurasa mbili, ili jina la shangazi liingie kwenye hataza. Nikatoa muhuri wangu. Sikuwa nimeugusa tangu Februari, lakini wino wake ulikuwa mbichi. Nikagonga.

Duara jekundu, tupu.

Niliugeuza. Uso wake ulikuwa laini kama jino. Nimechongesha mingine mitatu tangu siku hiyo. Dukani hugonga Hatano, mkononi mwangu hugonga duara.

Barua isiyo na jina haina shahidi. Nimeihifadhi kabati la saba, kwenye asilimia moja. Imekaa humo miezi minne sasa.

Wino wa lile duara bado haujakauka.