Kilio Ndani ya Televizio ya Clotilde

Waya haikuingia popote, lakini picha ilitoka. Mtu mwenye akili angekimbia hapohapo. Clotilde alipiga makofi.

Mume wake, Donat, alikuwa amenunua televizio mpya, pana kama mlango, na mtaa wote wa Hewa Bora ulikuwa umekuja kuiona. Lecteur yao ya zamani, mashine ya kuonyesha DVD, ilikuwa na matundu matatu ya waya, jekundu, jeupe na la manjano. Televizio mpya ilikuwa na tundu moja tu, jembamba, bapa. Kule mjini mwenye duka alimweleza Clotilde vizuri.

"Mama, angalia nyuma, usiangalie ukubwa. Ile ya tundu bapa njo inaenda na télé yako."

Akamtolea kidude kidogo kama kitabu cha sala. Clotilde alikunja pua.

"Hii? Chini ya télé kama ile? Bantu batasema tumefilisika."

Akatoka, akaenda sokoni. Kwa mwanamke mmoja wa Kasenga, kule kando ya mto, muuza samaki wakavu, akaona lecteur nyeusi, pana sawasawa na televizio yake, iking'aa katikati ya samaki. Ilinuka matope ya mto. Nyuma ilikuwa na matundu matatu yaleyale. Akaibeba hivyo hivyo.

Sasa ilikuwa inaonyesha, bila waya na bila disk. Ilionyesha kiwanja chao wenyewe. Viti vya plastiki vya kukodi, wanaume wamezunguka moto, wanawake wanaanguka chini wakilia. Siku hizi kila kilio, yaani matanga, kinapigwa video, hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba katika nyumba ile hapakuwa na aliyekufa.

Clotilde akasogeza kiti, akachunguza sura moja moja. Majirani wote walikuwemo. Mwelwa, mama mkwe wake, ambaye alikaa chumba cha nyuma na kikohozi chake, hakuonekana.

"Donat," alinong'ona, "mama yako hayuko mule."

"Na miye siko mule," Donat alisema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Na weye vilevile. Kilio ya mama mukwe, muke wa mutoto njo anapikaka inje. Basi mbona hauko ku sufuria?"

"Nimepikia bantu benu ya kutosha. Siku ile nitakaa ndani, bengine bapike."

Kiburi kilimjibia. Hakuna ukoo wa upande ule ambao ungemwacha mke wa mtoto akae mkekani huku wageni wanasubiri bukari, ugali wa kule.

Donat alimwita Kapya. Huyu alikuwa mnungwe wao, yaani mtu wa ukoo wa utani, anayekuja msibani kutukana maiti na kuvaa kofia ya marehemu bila mtu kukasirika. Alitazama kioo, akanusa lecteur, akaacha mizaha.

"Hii iko jini ya mutoni. Inakulaka kilio. Tuitukane, niivunje na nyundo, itatoka. Lakini mwenye aliileta njo anaifukuza. Mama Clotilde, sema neno moja tu: toka."

"Ngoja kwanza."

"Ngoja nini?"

Clotilde alipunguza sauti. "Ile chumba ya nyuma inaenea frigo na vitanda mbili. Ule muzee anakohoa tangu niolewe. Mungu akinionyesha, nikatae?"

Nyuma ya mlango kikohozi kilinyamaza.

"Nimesikia, mukwe," Mwelwa alisema. "Mapafu njo imeoza. Masikio bado."

Kapya alirudisha nyundo mfukoni, akaenda zake. Kesho yake Clotilde alinunua kitambaa cheusi.

Harufu ya matope ikazidi. Iliingia kwenye mashuka na kwenye chumvi. Donat akahamia kulala kazini, akasema ni zamu. Na jioni moja, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima na Clotilde akiwa na mshumaa mkononi, televizio ikajiwasha yenyewe, na sauti za wanawake zikaanza kulia taratibu, kama vile wanaogopa kumwamsha mtu, halafu picha ikaacha kiwanja, ikapita katikati ya viti, ikapanda kizingiti, ikaingia kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba, sebuleni humu humu, ambapo Mwelwa alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, macho makavu, anatafuna karanga, na Donat pembeni yake ameinamisha kichwa kama mwanamume aliyefiwa na mke, na picha ikaendelea, polepole, ikapanda juu ya sanduku la maiti lililokuwa wazi, na Clotilde akajiona amelala, matope yamemjaa mdomoni.

"Toka!" alipiga kelele. "Toka, toka!"

Neno la tatu lilitoka na maji.

Walimkuta kwenye kiti kikavu, amezama.

Kwenye kilio chake wengine ndio waliopika, na chumba cha nyuma hakikuguswa. Watu walipotawanyika, Kapya alikuja na nyundo. Mwelwa alikuwa amejikalisha mbele ya televizio, mahali pa marehemu. Kioo kilikuwa kinawaka. Kiwanja kilekile, viti vilevile, wanawake wakianguka chini.

"Sema itoke, mama," Kapya alinong'ona. "Sasa iko yako."

"Macho yangu haioni vizuri, Kapya. Niangalilie. Miye niko mule?"

Kapya alikodoa macho. "Uko. Umekaa ku mulango, unakunywa chai."

"Na Donat?"

"Yuko ku moto, na bengine."

"Basi iache. Miye na mutoto wangu tuko bazima."

Kapya alipiga magoti mbele ya kioo, nyundo ikamtoka mkononi, akaanza kujitafuta, kiti kwa kiti.