Mashine Ilisema Jani-Moja

Somoe aliisikia kwenye foleni ya maji, na tangu hapo haikumtoka kichwani: ati mtaa wa pili mtoto kala kiazi kilichopitishwa na mashine ya Jicho-jani, akaanza kutetemeka. Watu wakasema uzushi huo. Mashine haikosei.

Na kweli ilikuwa ya ajabu. Pale sokoni Masasi Mpya, Jicho-jani lilining'inia juu ya meza, likivimulika viazi kwa mwanga wa buluu. Wauzaji wa huku kusini huacha kipande cha shina na jani lake kwenye kiazi, mnunuzi ajue anachonunua. Jicho lilihesabu. Jani-moja ni kiazi kikuu, chakula. Jani-tatu, yaani kikonyo kimoja kimebeba majani matatu, ni ndiga, ile yenye sumu ambayo wazee waliikatakata na kuiloweka mtoni wakati wa njaa. Tangu Jicho liwekwe, hakuna aliyehesabu tena kwa macho yake.

"Jani-moja. Salama," lilitamka.

"Bi Esha, mbona jani limetafunwa?" Somoe alimuuliza muuzaji.

"Panzi hao, Mama Siwema. Nao wasile? Au wewe una jicho kulishinda Jicho?"

Foleni nzima ikacheka. Somoe akaona haya, akanunua.

Jioni binti yake, Siwema, alitema tonge. "Mama, kinawasha."

"Acha kudeka. Mashine imesema jani-moja. Kula."

Akala. Vyombo havijaoshwa, mtoto akaanza kutetemeka, macho yamegeuka.

Somoe alimkimbiza hospitali, kile kikonyo kakifunga kwenye pindo la kanga. Fundi wa mashine akaitwa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Ona, mama. Makovu mawili. Majani mawili yameliwa, limebaki moja. Jicho huhesabu lililopo."

"Na mlilijua hilo?"

Fundi akainamisha kichwa. "Tulijua. Tulidhani watu nao wataangalia."

Siwema yu hai. Kijiko bado kinamponyoka.

Kina mama, epukeni haya:

Kununua kiazi chenye jani lililotafunwa, hata kama mashine imekipitisha.

Kununua kisicho na jani kabisa.

Kuona haya kuuliza mara ya pili.

Kumlazimisha mtoto ameze kinachomwasha.

Kumpa dawa za kubahatisha nyumbani.

Kungoja kupambazuke ndipo umpeleke hospitali.