Paka Asiye na Mwenyewe

Paka alisogea vijumba kadhaa mbele ubaoni, na dadu bado limo mkononi mwa Noof.

"We Suud, acha hila zako," Shariffa akamcheka mumewe. "Paka hana mwenyewe. Tunacheza watatu."

"Wallahi sijamgusa!"

Ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri, nyumbani kwao Mabela, chai ya maziwa iko mezani. Na mchezo wenyewe, jamani, wa watoto: kila mtu ana mnyama wake, unatupa dadu, unahesabu vijumba, wa kwanza kufika mtoni kashinda. Suud alichukua tembo, Shariffa mamba, na Noof, binti yao wa pekee, paa. Ila ukikikanyaga kijumba alichomo mwenzio, umemla, naye anatoka. Paka alikuwepo tu ubaoni, hakuna aliyemtaka.

Dadu likamponyoka Noof, likabingirika lenyewe. Paka akaenda mbio akamkanyaga tembo. Suud akapiga ukelele, akaushika mkono wake. Ngozi ilikuwa imefura malengelenge, na sebule nzima ikanuka nywele zilizoungua.

Bibi Khole, mamake Suud, akatoka chumbani na tasbihi yake. Akainusa ile harufu, akamgeukia mkwewe.

"Shariffa," alinong'ona. "Maji ya wali mchana uliyamwaga wapi?"

"Kwenye karo la uani, mama."

"Yanatokota?"

"Ndio."

"Ulipiga bismillahi?"

Shariffa angepiga saa ngapi, na simu iko sikioni, anacheka na shoga yake? Miaka yote bibi wa watu anamwambia, usimwage maji ya moto bila ya bismillahi, majini wana watoto mle, naye humjibu "haya mama" huku akimwona mshamba. Haya sasa!

"Umemuunguza mtoto wa mtu," Bibi akasema. "Na mwenyewe kaja kulipiza."

Chini ya meza pakasikika kilio, kilio cha mzazi aliyefiwa, na dadu likaanza tena kujigeuza, na Shariffa akamnyakua mamba wake akamweka mbele ya paa, akapiga magoti akilia, "Mie ndiye nliyemwaga, mwanangu hana kosa, nchukue mie, niunguze mie," huku Bibi anasoma Ayatul Kursi kwa sauti na Suud anauvuta ule ubao, nao haubanduki mezani, na paka akamsogelea mamba, akasimama, akamzunguka taratibu, akaenda kumkanyaga paa.

"Na wangu alikuwa na kosa gani?" sauti ya kike ikauliza kutoka chini ya meza.

Harufu ikakatika. Shariffa akamvamia mwanawe, akampapasa mikono, mgongo, uso. Hata lengelenge moja hana. Akamkumbatia, anahimidi huku analia.

"Mama," Noof akaita.

"Nipo, mwanangu, nipo."

Noof akawa anajinasua kutoka mikononi mwake, macho yake yako chini ya meza.

"Mama," akaita tena, akimwambia wa kule chini, "huyu mwanamke kanishika."