Fundi Nguo na Vidole Vyenye Ganzi

Cherehani ilikuwa imeshapanda mkokotenini, na fundi nguo alikuwa anakaza fundo la mwisho la kamba. Alikuwa anahamia kwa kaka yake. Mkewe, mikono kiunoni, alimwambia kuwa ugonjwa haukimbiwi. Utapanda mkokoteni huohuo.

"Sikimbii ugonjwa, mama watoto. Nakimbia vidonge."

Jana sindano ilimdunga kidole, damu ikachafua shati jeupe la mteja, naye hakusikia kitu. Vidole vimekufa ganzi tangu aanze vidonge vile. Fundi bila vidole ni fundi gani? Akakata shauri kuacha dawa, mbali na macho ya watu.

Hapo akaingia mhudumu wa afya, mama aliyekuja kila asubuhi kumsimamia akinywa dawa. Aliuliza safari ya wapi. Fundi akarudi kukaza fundo lake, mkewe akamwaga yote.

"Shemeji," mhudumu akasema, "mwaka jana ulipata nafuu kidogo, ukaacha dawa. Mshono ukiachwa bila kufungwa uzi, unakuwaje?"

"Unafumuka."

"Basi ulifumuka. Vijidudu vilivyobaki vikazizoea dawa zile. Ndiyo maana sasa una kifua kikuu sugu. Ukiacha na hizi, tutakushona kwa uzi gani?"

Fundi alijikuna kichwa. "Na vidole vyangu?"

"Dawa mojawapo huleta ganzi. Ungesema siku ya kwanza. Daktari ndiye wa kuipunguza au kuisimamisha. Si wewe, wala si mimi. Twende leo."

Kabla ya kutoka, mhudumu akauliza kwa nini chumba cha kazi kimefungwa madirisha. Fundi akaeleza kuwa upepo hupeperusha karatasi zake za kukatia vitambaa.

"Hewa isipopita, vijidudu vya kikohozi chako hubaki humu na watoto. Karatasi utazilaza chini ya pasi. Watoto utawalaza chini ya nini?"

Fundi akacheka mpaka akakohoa, mkono mdomoni. Akafungua madirisha mwenyewe.

Daktari aliipunguza dawa ile, nyingine zikaendelea. Fundi alizimaliza zote, na vipimo vikaonyesha amepona. Vidole vya mikono vilirudi. Vya miguu bado vina ganzi kidogo. Yeye husema hivyo havishoni. Watoto walipimwa, wakakutwa wazima. Shati la mteja lilitakata. Kaka, aliyekuwa ameshafagia chumba cha kumpokea, alikipangisha. Mhudumu alihamishiwa mtaa mwingine. Kamba ya mkokoteni mke anaanikia nguo, na madirisha hufungwa mvua ikinyesha tu.