Mvutaji wa Upande wa Pili

Kushona turubai la boti si kazi ya mtu mmoja, hata awe na mikono minne. Anayeketi kwenye cherehani anasukuma, mwenzake upande wa pili wa meza anavuta. Turubai la boti ya abiria ni zito, na ukiliacha lijiendee lenyewe, sindano inakatika pap! na uzi unajisokota huko chini hadi ulie. Tena likishalundikwa mezani, msukumaji hamwoni mvutaji. Wanasikilizana kwa sauti tu.

Katika karakana moja ya maturubai, msukumaji alikuwa fundi mwenyewe, mwanamke wa makamo. Mvutaji alikuwa mdogo wake, msichana waliyempachika jina la Chiriku kwa mdomo wake usiojua kupumzika. Mama yao alimkabidhi kwa fundi mkono kwa mkono. "Unatoka naye asubuhi," alisema, "jioni unirudishie mwanangu mzima."

Mambo yalianza mchana kweupe, mvua ikipiga bati. Fundi alikuwa katikati ya mshono mrefu, akasema kama kawaida yake, "Vuta, mdogo wangu," na turubai likavutwa taratibu, vizuri mno. Mara mlango ukafunguka, Chiriku akaingia na chupa ya chai, kalowa chapachapa.

"Dada, mvua hiyo! Na yule muuza chai naye, hana kazi ila kunitania..." Akakatisha. "We dada, nani anakuvutia?"

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio. Mashine ilinyamaza, lakini turubai likaendelea kusogea, kama shibiri hivi, ndipo likatulia.

Walizunguka meza wameshikana mikono. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya nguo zilizofungiwa kabatini mbichi.

"Limeteleza kwa uzito," fundi alisema.

"Limeteleza kulipanda lundo kama mlima?" Chiriku aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakucheka utani wake mwenyewe.

Binadamu sisi ni watu wa ajabu. Kitu kinakutisha leo, kesho kikikupunguzia kazi unakizoea. Yule wa upande wa pili hakuchoka, hakulalamika mgongo, na mishono ilinyooka. Fundi akaanza kumwambia Chiriku apumzike kwenye benchi la nje, eti vumbi lisimdhuru, huku ndani yeye akiendelea, "Vuta, mdogo wangu. Ahsante, mdogo wangu."

Chiriku akaanza kupungua. Kwanza aliacha kuimba, kisha akaacha kula, kisha maneno yenyewe yakawa yanamtoka moja moja kama ya mgeni, na mikono yake ikawa baridi hata akiiweka juani. Jioni moja alimshika dadake kanga na kumnong'oneza, "Dada, nikisinzia pale benchi najiona niko humu ndani. Navuta. Navuta tu, na mikono si yangu."

Hapo ndipo fundi alipokwenda kumwita mganga.

Mganga alikuja na kandambili na mkoba wa plastiki, akanusa kila kona, akafukiza ubani, kisha akauliza, "Huwa unamwitaje?"

"Namwambia tu... vuta, mdogo wangu."

"Lo! Umempa udugu kwa ulimi wako, halafu unashangaa akitaka kukaa mahali pa ndugu? Ulimwingiza kwa mdomo, utamtoa kwa mdomo. Mimi nitakaa nje nimshike huyu mtoto mkono. Wewe shona, na akivuta, mkane. Mara tatu. Na sikiliza, mama: atalia, atakubembeleza, atasema maneno ya kukukata maini. Usimwonee huruma."

Fundi aliketi. Kupitia mlango uliorudishwa nusu aliwaona wawili wale kwenye benchi, mkono ndani ya mkono, Chiriku kaegemea ukuta macho kayafumba, kandambili zake miguuni. Akakanyaga. Mashine ikanguruma, sindano ikazama na kutoka, na turubai likavutwa.

"Wewe si mdogo wangu," alisema. "Mdogo wangu yuko nje."

Turubai likasimama. Nyuma ya lundo kukaja kilio chembamba. "Dada? Dada, ni mimi. Nilikuwa benchi, nimefumba macho kidogo tu, nimejikuta huku."

"Wewe si mdogo wangu! Sikujui!"

"Dada usiseme hivyo, jamani, nakusihi, kila ukisema napungukiwa nguvu, vidole vimenasa kwenye turubai havitoki, njoo univute, dada, njoo unitazame tu, ukinitazama utanijua," na kile kilio kikawa kinapenya kwenye mifupa ya fundi, na fundi akaziba masikio kwa viganja akiyashikilia maneno ya mganga kwa meno, usimwonee huruma, usimwonee huruma, mpaka akafumba macho na kupiga kelele iliyosikika hadi barabarani, "Wewe si ndugu yangu, toka!"

Kilio kikakatika.

Nje mganga aliangua kicheko cha furaha. "Ameondoka! Na huyu nimemshika muda wote, hajabanduka!"

Fundi alizunguka meza. Nyuma ya lundo, sakafuni, zilikuwapo kandambili za Chiriku, zimekaa sambamba. Alizigusa kwa ndani. Zilikuwa na joto.

"Dada!" Chiriku alikuwa mlangoni, pekupeku, mashavu yamejaa, anacheka. "Mbona umekodoa macho hivyo? Twende nyumbani, njaa inaniuma!"

Aliongea njia nzima. Alimsema muuza chai, akamwigiza mganga anavyotembea, akacheka mwenyewe, na kila alipomgusa dadake begani fundi alijisogeza kando. Alitaka kukimbia. Akimbilie wapi, na kwa mama aseme nini?

Mama alisikia hatua zao, akaita kutoka jikoni, "Mmerudi wote wawili, wanangu?"

"Wote, mama," alijibu yule aliyekuwa pembeni yake, akavua kanga yake na kuitundika kwenye msumari wa Chiriku.

Fundi alifungua mdomo kusema. Mama akatoka mbio, akamkumbatia binti yake mdogo, akalia kwa furaha jinsi alivyopona.