Kipele cha Hana

Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa bado mpya Dodoma. Anyesi aliishi karibu na Buigiri na mumewe, Seth, na mtoto wao mdogo, Hana. Kila asubuhi Anyesi alikamua ng'ombe, akasaga uwele, kisha akampaka Hana samli na udongo mwekundu. Wagogo walipenda mtoto ang'ae, na Anyesi hakukubali kushindwa na mama yeyote.

Mwaka ule ndui ilikuwa imeingia vijiji vya jirani. Watoto wawili walikuwa wamekufa. Anyesi aliogopa sana, akawa anamchunguza Hana uso kila kulipokucha.

Mdogo wake, Bartolomayo, alikuwa akisomea uganga misheni. Huko walijifunza kuosha vidonda, kuchemsha visu na kuchanja. Alikuwa amekuja wiki iliyopita, akamchanja Hana mkononi, akakimbilia nyumba nyingine. Leo alirudi kukagua.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Hana, mjomba wako huyo!”

Bartolomayo alishika mkono wa mtoto. Ulikuwa laini. Hapakuwa na kipele hata kimoja.

“Dada, ulimpaka nini?”

“Samli, ulipotoka tu. Ulimkwaruza mtoto kwa kisu, ukamwacha analia! Mimi nifanyeje?”

Bartolomayo alikaa chini. Uso ulimshuka.

“Basi dawa uliifuta, ndiyo maana kipele cha chanjo hakikutoka. Ni kama hakuchanjwa.”

“Na ndui ikija?”

“Inaweza kumpata.”

Anyesi alimkumbatia Hana. “Maskini mwanangu! Nimekuponza mwenyewe!”

“Hapana, dada. Kosa ni langu. Tulifundishwa tumwambie mama angoje dawa ikauke, asipake kitu. Mimi nilikimbia. Tena mimi ni Mgogo, nimepakwa samli tangu kuzaliwa!”

“Umesoma mpaka umesahau kwenu,” Anyesi alisema. Hakutaka kucheka, lakini alicheka. Kisha akauliza, “Dawa yenyewe ni nini?”

“Hutolewa kwa ndama. Ni ugonjwa mdogo wa ng'ombe. Ukiingia mwilini, mwili hujifunza kupigana. Ndui ikija, hukuta mwili uko tayari.”

“Ya ng'ombe! Ungesema hivyo siku ile, ningeilinda dawa yako kama zizi langu!”

Bartolomayo alichemsha kisu, akakiacha kipoe, akachanja tena. Anyesi alimpakata Hana kivulini mpaka dawa ikakauka. Kila mkono uliotaka kugusa aliupiga kofi, hata wa Seth.

Siku ya pili hapakuwa na kitu. Anyesi alikosa raha. Siku ya nne kilitokea kipele chekundu. Siku ya nane kilijaa maji, na Hana akawa na homa kidogo. Anyesi alitoka nje ya tembe akipiga vigelegele.

“Mwanangu ana kipele! Njooni mwone!”

Majirani walidhani amerukwa na akili. Bartolomayo alipofika, alikitazama kipele, naye akacheka kwa furaha.

“Chanjo imeshika. Usikitumbue. Kitakauka chenyewe.”

Siku ile ile majirani walileta watoto wao. Bartolomayo alichanja. Anyesi alisimama kando, akieleza habari za ndama na kuwanyang'anya mama zao vibuyu vya samli.

Mwezi uliofuata ndui ilifika kijijini. Hana hakuugua. Ilipopita, alikuwa ameanza kutembea uani, akianguka na kuinuka. Mama yake hakumchunguza tena uso kila kulipokucha. Alimwacha acheze.