Mashine Iliyoganda Busiu

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya migomba wakati Norman Otiende aliposhuka kwenye lori la mahindi pale Busiu, mkononi mkoba wa bisibisi, moyoni aibu. Kompyuta aliyoiunda mwenyewe, mpya, haijatimiza wiki tatu, ilikuwa imeanza kuganda.

Usidhani fundi huogopa mashine iliyokufa. Iliyokufa anaifungua, anakuta kilichoungua, anabadilisha, anakwenda zake. Fundi huogopa mashine inayoganda ikipenda. Leo mara mbili, kesho hakuna, keshokutwa mara tano. Mbele yake inatulia kama mtoto aliyeona mgeni. Akishika tu njia ya kurudi kwake, anaitwa.

Otiende alikuwa Msamia wa Busia, upande wa Kenya. Mjini Jinja alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Mutwalibu, na mwaka ule wa 1998 watu walioweza kuunda kompyuta Jinja nzima ungewahesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki vya kushikia sigara. Ndiyo maana Afande Wanyama, mkuu wa kambi ya magereza ya Namwenge pale Busiu, alimtuma dereva amtafute yeye.

Getini alimkuta Koplo Adrisi na daftari lake.

"Unakuja kufanya nini?"

"Kompyuta ya Afande imegoma."

Adrisi alifunua ukurasa, akapitisha kidole juu hadi chini bila haraka. "Hapa kambini hakuna kompyuta, bwana."

"Niliileta mimi. Wewe ndiye ulinifungulia geti."

"Geti nilifungua. Lakini kwa kitabu, ile kitu ni cherehani."

Akamgeuzia daftari. Kweli. *Cherehani, ya umeme, yenye kioo, moja.* Serikali ilikuwa na kifungu cha cherehani tangu enzi za Waingereza. Kifungu cha kompyuta kilikuwa bado kinasubiri kamati. Otiende akachukua kalamu, akaandika chini ya sababu ya kuja: kutengeneza cherehani. Adrisi akasoma, akaridhika, akagonga muhuri.

Kazi ya cherehani hiyo ilikuwa kucheza mpira. Ilikuwa ya Jude, mtoto wa Afande, kijana wa miaka kumi na minane. Kwa Wamasaba, wenyeji wa huko, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili ni mwaka wa imbalu: vijana hutahiriwa hadharani, wamesimama wima, fimbo imelazwa mabegani, mbele ya ukoo mzima, na anayepepesa jicho anawaachia wajukuu wake aibu. Agosti hii ilikuwa zamu ya Jude. Baba yake alimwahidi kompyuta kama atasimama vizuri, kisha akampa kabla ya siku yenyewe, kama afisa anavyopewa masurufu ya safari.

"Fundi Mjaluo amefika," Jude alimpokea mlangoni.

"Mimi si Mjaluo."

"Wote nyinyi hamjakatwa, ni mamoja tu. Mwezi hii usipite sokoni. Watakushika."

"Wakinishika nitawaonyesha daftari la Adrisi. Mimi ni mshona nguo."

Jude alicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Akachungulia nje, akasogea. "Fundi... fanya pole pole. Usimalize haraka. Wewe ukiwa hapa, papa yangu haongei habari ya kisu."

*

Otiende alikuwa na sheria moja: badilisha kitu kimoja, andika, jaribu. Ukibadilisha viwili kwa pamoja mashine ikapona, hujui kilichoiponya, na siku ikirudia utakuwa mjinga uleule.

Alhamisi alibadilisha memori. Akacheza mwenyewe saa tatu nzima. Hakuna kitu. Jioni Jude akakaa kwenye kiti, mechi ikaanza, watazamaji wa ndani ya mashine wakawa wanavuma kama nyuki... kisha kimya. Picha imesimama. Otiende akainama kutazama kioo. Wachezaji wote walikuwa wamekwama katikati ya mbio, mguu juu, mguu chini. Isipokuwa kipa wa mbali. Huyo alikuwa amesimama wima, mikono ameinua hadi mabegani, kama mtu aliyelaza fimbo shingoni. Hakuutazama mpira. Aliwatazama wao.

Kadi ya picha, Otiende aliandika. Na akapiga mstari chini yake.

Ijumaa alibadilisha kadi ya picha. Mchana kutwa, salama. Jua lilipoanza kuzama Jude akakaa, na ikaganda.

"Bonyeza kitufe cha kuwasha upya," Otiende alisema, macho kwenye daftari.

Kitufe hakikubonyezwa.

"Jude. Bonyeza."

Alipoinua uso, nzi alikuwa anatembea kwenye mdomo wa Jude. Akapanda puani. Akapita pembeni ya jicho, akasimama hapo, akajisugua miguu.

Jicho halikupepesa.

Otiende alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe mwenyewe. Mashine ikalia mlio wake mfupi wa kuamka, na hapohapo Jude akapiga kofi usoni kumfukuza nzi.

"Nani amefunga?" akauliza. "Ilikuwa kona yangu."

Hakujua. Kwake muda ule haukuwepo kabisa.

Otiende alifungua mashine. Harufu ikamtangulia: kali, ya uchachu, ya jikoni siku ya kuandaa pombe. Bodi kubwa, feni, waya, vyote vilikuwa vimepakwa unga wa majimaji, rangi ya udongo. Aliufuta kwa pamba na spiriti mpaka kila kitu kikang'aa, akafunga parafujo zote nne, akabandika karatasi ya gundi juu ya mfuniko na kuitia sahihi yake.

Jumamosi asubuhi sahihi ilikuwa palepale, haijachanika. Ndani, unga ulikuwa umerudi. Bado mbichi.

*

Nangila, mama yake Jude, alikuwa anachambua maharage. Otiende alichuchumaa karibu naye na kumnyooshea vidole vyenye unga ule.

"Mama, nani anapaka hii ndani ya mashine?"

Nangila alinusa. Akanusa tena, polepole. Ungo ukamteleza mapajani, maharage yakatawanyika, na hakuyaokota.

"Hii ni kimea ya ulezi," alinong'ona. "Tunapaka mtu amekubali kusimama. Jude bado. Yeye tunapaka Jumatatu, kisu Jumanne."

"Basi nani?"

Aligeuka kutazama mlango wa chumba cha Jude. "Iko mkubwa wake," alisema.

Tyson, kaka yake Jude. Mwaka wa 1996 zamu ilikuwa yake, na wiki ya mwisho alitoroka akakimbilia Jinja, huko Masese kwa wavuvi. Siku ya nne aliingia ziwani kwa mtumbwi na watu wawili. Wakarudi wawili. Mwili haukuonekana. Wazee wa ukoo walikuja na ushauri wao: lichongwe gogo la mgomba badala yake, lipakwe kimea, lipitishiwe kisu, ndipo lizikwe. Maana hata maiti haiendi bila kukatwa, na kwa ukoo wao mdogo hamtangulii mkubwa. Mkubwa lazima asimame kwanza.

"Na Afande?"

"Alikataa. Alisema fomu ya kifo inataka mwili. Polisi waliandika *hajulikani alipo*. Akauliza wazee, nitazikaje mtu serikali inasema hajafa?" Nangila alijifuta uso kwa upande wa kitenge. "Akachukua ile karatasi ya majina ya vijana wa imbalu. Kwa jina la Tyson akaandika *imeahirishwa*. Akapiga muhuri. Unaelewa? Alimwambia mtoto asubiri. Na mtoto ya huyu mzee siku zote alikuwa anatii karatasi."

Otiende alimfuata Afande ofisini. Alimkuta ameketi nyuma ya majalada, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Akamweleza yote: nzi, jicho, unga. Akamwomba gogo lichongwe, likatwe na kuzikwa leo, kabla ya Jumanne ya kisu.

"Wewe ni fundi wa nini?" Afande aliuliza.

Otiende akasita. "Wa cherehani, Afande."

"Basi shona."

"Nipe ruhusa niiondoe mashine. Niirudishe Jinja."

"Mali ya kambi inatoka kwa barua ya kamati. Kamati inakaa Ijumaa."

"Ijumaa Jude atakuwa ameshakatwa."

Afande alivua kofia. Bila kofia alikuwa mzee tu mwenye mvi zilizochelewa kunyolewa.

"Bwana Otiende," alisema, sauti imeshuka. "Nikipiga sahihi kwa lile gogo, mtoto wangu amekufa. Sasa hivi hajulikani tu. Unaniomba nimwue kwa kalamu?"

Kwenye mkoba wa Otiende hakukuwa na chombo cha kufungua kitu hicho.

*

Jumapili alichomoa waya, akaifunika mashine kwa blanketi, akamkataza Jude kuigusa.

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumatano."

"Jumatano sitaweza kukaa, fundi," Jude alisema, akajaribu kucheka. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Kama nikitoroka usiku hii, utanificha Jinja?"

Otiende alimfikiria Tyson na ule mtumbwi wa Masese. Akafikiria geti, na Adrisi, na sare ya Afande.

"Usitoroke," akasema. "Nitakaa na wewe."

Jua lilipokuwa linazama alikwenda bombani kunawa uso. Dakika tano, labda saba. Maji yakiwa bado yanamdondoka kidevuni, akausikia.

Mvumo wa watazamaji. Kama nyuki.

Jude alikuwa ameichomeka mwenyewe. Woga ule wote, na chumba kile kidogo. Angekwenda wapi kwingine? Otiende alitupa sabuni akakimbia. Alipoufikia mlango, mvumo ukakatika.

Picha imesimama.

Jude amesimama pia. Si kwenye kiti. Wima, katikati ya chumba, uso umepakwa mwanga wa kijani wa uwanja, macho wazi. Mikono ilikuwa inapanda yenyewe, taratibu, hadi mabegani.

Hatua tatu hadi kitufe. Otiende alipiga moja. Akapiga ya pili. Kidole kilikuwa kimekwisha kugusa plastiki...

Umeme ukaenda.

Kambi nzima. Feni ya mashine ilizunguka, ikapunguza, ikapunguza... ikanyamaza. Otiende alibonyeza. Akabonyeza tena. Kilikuwa kipande cha plastiki tu.

Gizani kulikuwa na pumzi ya mtu. Na harufu ya kimea. Na chini yake harufu nyingine, ambayo mtu wa Jinja haulizi ni ya nini: maji ya ziwa yaliyokaa.

"Jude?"

"Asante, fundi." Sauti ilikuwa ya Jude, lakini haikuwa na haraka wala mzaha. "Nenda kulala. Mimi niko tayari."

Akampita. Hakupapasa ukuta, alipita kama mwenyeji. Nje Otiende alimsikia akisalimia, "Mayi." Kisha sufuria ikaanguka jikoni.

Alipofika, Nangila alikuwa amesimama na mikono mitupu, anautazama mgongo wa mtoto wake ukiishia migombani.

"Jude ananiita mama, ya Kiswahili," alinong'ona. "Toka azaliwe. Mayi ilikuwa ya mwingine."

*

Jumatatu umeme ulirudi. Otiende aliwasha na kuzima mara ishirini na sita, akaandika kila mara. Mashine ilikuwa safi. Ndani hakukuwa hata na vumbi.

Jumanne kijana alisimama. Wazee walisema hawajaona kusimama kwa namna ile. Kisu kilipita na hakuna ukope uliotikisika. Vigelegele vikapaa, Afande Wanyama akalia mbele ya askari wake bila kujificha, na karani akaandika: *Jude Wanyama, amesimama.*

Kisha wakamwambia aketi.

"Jude, keti. Imekwisha."

Alibaki vilevile, damu inachuruzika kwenye majani. Wakamwambia mara ya pili. Ya tatu wakampigia kelele. Watu walianza kucheka, kisha wakaacha.

Nangila alipenya katikati yao, akamwekea mtoto mdomo sikioni, akasema neno moja.

Akaketi.

Otiende alikuwa hatua mbili kutoka hapo na alilisikia lile neno. Lilikuwa jina, na si la Jude. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kwenye karatasi hakukuwa na kosa lolote.

Kamati ilikaa Ijumaa, ikaidhinisha cherehani itoke. Kijana alikuwa amesema hana haja nayo. Hakuwahi kupenda michezo ya mashine. Kidonda chake kilipona upesi. Baba yake anasema amekuwa mtu mzima, mtulivu, anatii.

Mashine sasa iko Jinja, nyuma ya duka la Mutwalibu. Otiende ameirudishia vifaa vyote vya mwanzo, hata ile memori aliyoilaumu. Kila jioni anaweka mechi na kucheza mpaka vidole vimuume, na kila jioni anaomba kitu ambacho fundi mwenye akili zake hajawahi kukiomba: igande, Jude apate njia ya kurudi. Haigandi. Ni miezi minne.

Mwisho wa mwezi Nangila hufunga safari kutoka Busiu. Hufika jua linashuka, huketi kwenye stuli nyuma yake, kitenge amekikunja mapajani, na kabla hata ya salamu huuliza.

"Imeganda?"

"Bado, mama."

Hukitazama kioo, wachezaji wanavyokimbia, wanavyokimbia bila kuchoka.

"Cheza tena," husema.